Vioo Vilivyovaa Soksi

Wiki iliyopita mtu wa bodaboda alipita karibu mno na gari langu pale sokoni, akaondoka na kioo cha pembeni bila hata kusema samahani. Fundi aliyekuja kunifungia kingine alifungua bomba la silikoni, na ile harufu ya siki iliponifika puani nikaanza kucheka peke yangu. Kijana wa watu akasimama na bomba lake mkononi, akauliza kama kuna mahali amekosea. Nikamwambia hajakosea, aendelee tu, ila harufu hiyo naijua tangu siku nilizokuwa kibogoyo wa meno ya mbele. Kila nikiisikia namwona baba yangu na silikoni kwenye ndevu, namwona bibi yangu amekataa kupanda gari, na najiona mimi mwenyewe, chanzo cha yote, nimesimama uani bila soksi.

Tulikuwa tunakaa Kalangalala, pale Geita mjini, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye uwanja wa udongo mwekundu ambao mama alikuwa akiufagia kila asubuhi na gari likiuchafua kila jioni. Baba alikuwa fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kazi yake ilikuwa ya nyundo na vyuma vizito, na ilimfundisha kuamini kwamba kitu chochote chenye nati kinaweza kufunguliwa na kufungwa na mtu yeyote mwenye akili timamu. Ndiyo maana aliponunua gari, kigari cheupe kilichokwisha kutumiwa na watu watatu au wanne kabla yake, hakuwahi kukipeleka kwa fundi hata siku moja. "Mtu anayefunga karasha," alikuwa akimwambia mama, "ashindwe na hiki kibiriti?" Mama alikuwa anaziangalia tu zile nati mbili tatu zilizobaki chini kila baba alipomaliza kukifunga.

Gari lilikuja na vioo vyake vyote viwili vya pembeni. Cha kushoto kilivunjwa na ng'ombe wa mkokoteni aliyekuwa akikwepa shimo. Cha kulia kiliibwa nje ya kanisa, na baba alilichukua jambo hilo kama tusi la binafsi. Kwa muda alikaa bila vioo, kisha akakichukua kioo cha mama cha kujitazamia, akakifunga mlangoni kwa mpira wa tyubu. Tangu hapo mama ikabidi atoke nje kuchana nywele, na majirani wakawa wanamsalimia akiwa ameinama kando ya gari na kitana mkononi. Mambo yaliharibika siku trafiki alipomsimamisha baba. Alilizunguka gari mara mbili, akajitazama kwenye kioo cha mama, akaiweka sawa kofia yake, kisha akamwambia baba kwamba akimkuta tena barabarani na kioo cha saluni, gari litalala kituoni.

Pengine gari lingeendelea kukaa hivyo hivyo uani, kama isingekuwa Bibi.

Bibi alikuwa mama yake mama. Aliishi kijijini, kule upande wa Bulyanhulu, na alikuwa akija kwetu mara moja au mbili kwa mwaka na kuku wawili na viazi vikavu. Kwa sisi Wasukuma, wa kizazi chake hasa, mkwilima, yaani mume wa binti, na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Siku hizi wapo wakwe wanaopiga picha pamoja wamekumbatiana mabega, na mimi siwalaumu. Lakini baba yangu alikuwa mtu wa mila zake. Bibi akiwapo, alikuwa anaingia na kutoka kwa mlango wa nyuma, akikohoa kabla ya kila kona. Asubuhi alikuwa anachuchumaa nyuma ya ukuta wa jiko na kumwamkia kutoka huko, na Bibi aliitikia akiwa ameugeuzia uso mgomba.

Maneno mengine yote yalipitia kwangu.

"Minza," Bibi angesema, "mwambie baba yako maji ya kuoga yamechemka."

"Baba, Bibi anasema maji ya kuoga yamechemka."

"Nimesikia. Mwambie asante, nakuja."

"Bibi, baba anasema asante, anakuja."

"Nimesikia, mwanangu."

Walikuwa hatua tano kutoka mmoja hadi mwingine, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kiziwi. Mimi niliifanya kazi yangu kwa bidii, na nilipoona maneno yamepoa njiani niliyaongezea chumvi. Siku moja baba alisema tu "sawa", nikampelekea Bibi kwamba baba anasema sawa, na anasema viazi vyake ni vitamu kuliko vya Mwanza. Bibi alifurahi hadi akanipa cha ziada.

Kitu ambacho hakuna mtu aliyenieleza ni sababu. Watu wazima wanadhani mtoto anajua kwa kuangalia, na ni kweli anaangalia, lakini hesabu anapiga mwenyewe. Mimi nilipiga yangu. Siku ng'ombe alipovunja kioo cha kushoto ilikuwa siku ileile Bibi alipofika. Habari ya ng'ombe niliisikia, sikuiamini. Ng'ombe wanapita mtaani kila siku na hawavunji kitu. Halafu safari iliyotangulia, Bibi alipoingia sebuleni tu, kioo cha picha ya arusi kilianguka kikapasuka. Nikaunganisha. Uso wa Bibi unavunja vioo. Na kwa kuwa macho ya mtu nayo yanang'aa kama kioo, baba alikuwa anayaokoa yake. Mama na mimi tulikuwa damu yake, hatudhuriki. Hata ule ukungu mweupe uliokuwa umetanda machoni mwa Bibi niliuelewa: bila shaka aliwahi kujitazama majini. Nilimhurumia sana, na sikumwambia mtu, maana lilikuwa jambo la aibu kwa ukoo.

Ukungu huo ndio uliokuwa umeitia nyumba yetu hofu mwaka ule. Jicho la kushoto la Bibi lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa linaona mwanga na kivuli, basi, na mganga wa zahanati ya kijijini kwao alikuwa amesema likichelewa mwaka mwingine nalo litafuata njia ya mwenzake. Kulikuwa na hospitali ya misheni mbele ya Buseresere ambako madaktari wa macho walikuja kutoka mbali mara moja kwa mwaka. Walikuwa wanaandikisha wagonjwa Jumamosi moja tu, na saa nne asubuhi daftari linafungwa. Mwaka uliotangulia Bibi alijaribu kwenda kwa bodaboda na basi, akafika saa sita, akarudishwa. Alisema hatarudi tena kubembeleza daftari. Mama alilia siku mbili, na baba, akiwa amekaa nyuma ya ukuta wa jiko, akaniita.

"Mwambie bibi yako, mwakani nitampeleka mimi. Kwa gari langu. Saa mbili atakuwa amefika."

Bibi akaugeukia mgomba. "Mwambie baba yako nimesikia."

Kwa hiyo mjue wenyewe Ijumaa ile, mwaka ulipotimia, ilikuwaje. Bibi amekuja tangu Alhamisi, safari ni kesho alfajiri, na gari halina vioo. Baba hakwenda kazini. Asubuhi alivuka barabara kwenda kwa Baba Zuhura, jirani yetu mwenye duka la spea, mtu wa Tanga aliyefika Geita kwa biashara ya wiki mbili na kukaa miaka ishirini. Nilimfuata. Baba Zuhura alivitoa vioo viwili kwenye boksi, akavifuta kwa kanzu yake kwa heshima kubwa.

"Jirani, mimi sikudanganyi," alisema. "Hivi si orijino. Lakini na orijino vinafahamiana."

"Vitaingia kwenye gari langu?"

"Vitaingia. Kama havitaki, utavilazimisha. Wewe si fundi wa karasha?"

Hapo Baba Zuhura alimpata. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na baba yangu alirudi nyumbani kifua mbele, akavua shati, akatandika gunia kando ya gari na kupanga bisibisi, spana na plaizi kwa urefu wake.

Kutoa mabaki ya vioo vya zamani kulikuwa rahisi. Ndani ya mlango, pembeni mwa dirisha, kuna kifuniko cha plastiki cha pembetatu. Baba alikibandua kwa bisibisi, na chini yake kukawa na nati tatu. Alizifungua moja moja akinipa nizishike mkononi. Tatizo lilianza alipokiinua kioo kipya. Misumari yake mitatu ya kufungia nati ilikuwa mahali pake na matundu ya mlango yalikuwa mahali pake, na kati ya hivyo viwili kulikuwa na upana wa kidole. Baba alikigeuza juu chini, akakisogeza, akakisukuma kwa kiganja, akamwita Baba Zuhura kwa sauti hadi ng'ambo ya barabara. Baba Zuhura akajibu kutoka dukani, bila kutoka, kwamba ndiyo, hilo hutokea.

Baba akaenda kazini kwake kuchukua drili. Ilikuwa drili ya kutoboa chuma cha karasha, nene kama paja langu, na alipoiwasha kuku wa Bibi waliruka ukuta. Alitoboa matundu mapya matatu kila upande, nami nikiwa nimeziba masikio. Mwisho vioo vikaingia, lakini yale matundu ya zamani yakabaki wazi, na mvua ingeingia humo hadi kwenye viti. Ndipo ikaja silikoni. Baba hakuwahi kuitumia. Alikata mdomo wa bomba kwa wembe, akaminya, haikutoka. Akaminya kwa nguvu za karasha, ikatoka yote. Iliingia kwenye matundu, ikashuka mlangoni, ikamkamata vidole, na alipojikuna kidevu akiwaza la kufanya ikahamia kwenye ndevu. Mama alitoka jikoni akasimama na mwiko.

"Baba Minza, harufu ya siki hii, unapika kachumbari?"

"Usinisemeshe, mama Minza. Nafunga kioo."

"Naona. Na wewe unafungwa."

Kutoka upande wa pili wa nyumba nikasikia Bibi akicheka kimya kimya, kile kicheko chake cha puani. Sikumpelekea baba ujumbe huo.

Kufikia jioni vioo vilikuwa vimekaa. Cha kushoto kilikuwa kimeinama kidogo kama mtu anayesinzia, na milango ilikuwa na michirizi myeupe ambayo haikuwahi kutoka hadi gari linauzwa. Lakini vilikuwa vioo, viwili, vimeng'aa. Baba aliosha mikono kwa mafuta ya taa, akarudi, akavitazama, akaondoka, akarudi tena kuvitazama. Sijawahi kumwona baba yangu akiwa na furaha ya namna ile kwa kitu alichokifanya kwa mikono yake, na alikuwa mtu aliyejenga makarasha.

Mimi sikuwa na furaha hata kidogo. Nilikuwa naujua ukweli ambao wao waliusahau: kesho asubuhi Bibi angetoka mlangoni na kutembea moja kwa moja kuvielekea vile vioo. Vingepasuka vyote viwili. Baba angeaibika, safari ingevunjika, na jicho lingekwenda. Niliwaza wakati wote wa chakula. Kabla ya kulala nikaenda uani, nikavua soksi zangu za shule, nikavivisha. Moja kulia, moja kushoto. Zilienea vizuri sana.

Asubuhi, saa kumi na mbili, Bibi alitoka akiwa amejifunga kitenge kipya, mama akimwongoza mkono. Baba alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa gari kama desturi. Nilimsikia akisema, "Nani amevivisha vioo soksi?"

"Mimi," nikajibu.

"Kwa nini, mwanangu?"

Sikutaka kusema. Lakini baba alikuwa ameshaanza kuivuta ya kwanza, na Bibi alikuwa hatua tatu tu, nami nikapiga kelele: "Usitoe! Bibi akivitazama atavivunja!"

Mama aliuma mdomo, akageuka upande. Bibi akasimama.

"Minza," alisema polepole, "vioo hivyo vinanitazama mimi?"

Nikaona nimweleze vizuri, maana ilikuwa kwa faida yake. Nikamwambia gari lina vioo vitatu, viwili vya nje na kimoja cha ndani, na mtu anayeendesha akivitazama anaona kila kilicho nyuma yake: barabara, pikipiki, na waliokaa kiti cha nyuma. Nilishawahi kumwonyesha baba ulimi kwenye kile cha ndani, akaniona, akanikemea bila kugeuka.

Bibi aliuachia mkono wa mama. "Kwa hiyo safari nzima mkwilima atakuwa ananitazama usoni."

"Mama, hatakutazama," mama akasema. "Anatazama barabara."

"Na mimi nimekaa wapi? Si barabarani humo humo?" Akageuka, akapapasa ukuta, akarudi ndani na kukaa kitandani na mfuko wake mapajani. Alisema ameishi vizuri na mkwe wake miaka yote hii, hataivunja heshima hiyo kwa sababu ya jicho moja la kizee.

Sasa hofu ikawa ya kweli, na kila mtu akaielewa, hata mimi. Saa ilikuwa inakwenda. Baba hakubishana. Mimi nilidhani atakasirika, lakini nilimwona ameinamisha kichwa kama mtu anayekubaliana na alichoambiwa. Kisha akaniita garini, akaniambia nijifunge kitenge kingine cha Bibi kichwani na nikae nyuma ya kiti cha dereva, mahali atakapokaa Bibi. Akaichukua soksi moja na kukivisha kioo cha ndani. Akakaa kwenye usukani.

"Inama kama bibi yako. Hivyo. Nakuona sikio." Akakisogeza kioo cha kulia. "Sasa?"

"Unaniuliza mimi, baba?"

"Egemea dirisha. Bado nauona ukingo wa kitenge." Na nakumbuka kwamba alipouona ukingo wa kile kitenge aliyashusha macho yake haraka, ingawa alijua kabisa ndani yake nimo mimi.

Alivisogeza hadi akaridhika kwamba niegemee, niiname au nisimame, hanioni popote. Kioo cha kulia kilikuwa kinatazama mawingu. Cha kushoto kilikuwa kinatazama tairi. Barabara haikuwa katika kioo chochote. Nilipelekwa ndani kuapa mbele ya Bibi kwamba baba haoni kitu, nikaapa, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu ya utume sikuhitaji kuongeza chumvi. Bibi akainuka.

Tuliondoka saa moja na nusu. Mama alikaa nyuma na Bibi, mimi katikati yao nimepiga magoti juu ya kiti, uso dirisha la nyuma, maana baba alikuwa amenipa kazi mpya. "Lori!" nilikuwa napiga kelele. "Lori lingine! Bodaboda mbili, moja ina kitanda! Basi linakuja, baba, linakuja kwa hasira!" Baba alikuwa anasogea pembeni kila nilipotaja, hata nilipotaja mbuzi. Bibi naye, ambaye masikio yake yalikuwa mazima, alikuwa ananigusa bega kabla sijaona: "Kuna kubwa linakuja." Tulikwenda hivyo, kwa macho yangu na masikio yake, na magari yote ya Geita yalitupita.

Tulipoikaribia Buseresere, trafiki akanyoosha mkono. Hakuwa yule wa kwanza. Huyu alikuwa mtu mzima, mwenye kitambi na sauti ya upole. Aliviangalia vioo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akavipapasa. Kisha akainama, akatazama kilichomo.

"Mzee, kioo hiki kinaona nini?"

"Mawingu, afande."

"Na kile?"

"Tairi."

"Na hiki cha ndani?"

"Kimevaa soksi."

Afande aliinama zaidi, akamwona Bibi amejifunika kitenge kutoka kichwani hadi kidevuni, ameugeuzia uso mlango. Akamtazama baba. "Ni mkweo?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, afande."

Yule mtu akanyooka mara moja, akarudi nyuma hatua mbili. "Mwangaluka, mayu," akamwamkia Bibi kwa Kisukuma, naye Bibi akaitikia kutoka ndani ya kitenge. Halafu afande akasema kwa huzuni ya kweli: "Mzee, mila naijua. Mimi mwenyewe ni mkwilima wa watu. Lakini lori haliijui. Vigeuze vioo vyako vitazame barabara, au ugeuze gari."

Ilikuwa saa tatu na robo. Mama aliegemeza kichwa kwenye kiti cha mbele, akasema, "Baba Minza, tafadhali." Baba aliushika usukani kwa mikono miwili. Nilikuwa karibu na shingo yake, naliona jasho linavyoshuka. Kugeuza vioo ni kumwaibisha mama mkwe mbele yake mwenyewe. Kugeuza gari ni kumpofua. Alikaa hivyo hadi nikadhani amelala, kisha akaushika mkono wa gia, na mimi nilijua ni wa kurudi nyuma.

"Minza," Bibi akaita.

"Abee, Bibi."

"Mwambie baba yako avigeuze hivyo vioo. Heshima yake nimeiona miaka yote bila macho. Akituua na lori, ataniheshimu wapi?"

"Baba, Bibi anasema..."

"Nimesikia," baba akasema.

Akanyoosha mkono, akaivua soksi. Akakirekebisha kioo cha kulia, afande akamsaidia cha kushoto huku ameangalia pembeni kwa adabu. Mimi nilifumba macho na kuziba masikio, nikasubiri mlio. Niliposikia gari linaondoka nikachungulia kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa vizima. Niliwaza sana, nikaamua ni ile silikoni.

Daftari lilikuwa bado wazi. Bibi aliandikwa wa tatu kutoka mwisho, na mchana wake akaingizwa chumba cha upasuaji. Tulipokuwa tunasubiri kwenye benchi nilimuuliza mama kwa nini kioo hakikupasuka, na maneno yote ya moyoni yakanitoka: picha ya arusi, ng'ombe, macho ya baba. Mama alicheka hadi muuguzi akatoka kumwangalia. Alipomaliza kucheka akaanza kulia, akanivuta kwapani.

"Nani alikwambia baba yako anauogopa uso wa bibi yako? Alipokuja kuniposa alikuwa mchimba maduara, yale mashimo ya dhahabu, hana hata kiatu kizima. Wajomba wote walikataa. Bibi yako peke yake ndiye aliyesema mtoto huyu mpeni mke. Tangu siku hiyo baba yako hajainua macho mbele yake."

Nikamuuliza sasa kama anampenda, kwa nini anamkimbia. Mama akasema ndiyo hivyo kupenda kwao, na kwamba nitakua nitaelewa. Sikuelewa, na nilikasirika kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeilinda siri ya ukoo muda mrefu bure.

Tulilala huko, mimi na mama na Bibi wodini, baba garini. Asubuhi ya Jumapili walimfungua bandeji. Bibi hakupiga kelele wala vigelegele. Alikaa, akakitazama kiganja chake, mbele na nyuma, akasema kimezeeka. Akanitazama mimi, akauliza meno yangu ya mbele yamekwenda wapi. Kisha akaomba kitenge chake.

Wakati wa kurudi alikaa palepale, nyuma ya kiti cha dereva, kando ya dirisha. Mimi sikuwa na kazi tena, vioo vilikuwa vinafanya yote, na hilo liliniuma. Tulikuwa tumeuacha mji nyuma, barabara imenyooka, nilipoona Bibi ameinama mbele kidogo, kitenge kimeteleza hadi mabegani. Alikuwa anakitazama kioo cha kulia kwa jicho lake jipya. Nami nikasogea nitazame anachokitazama. Kioo kile cha kulazimishwa hakikuwahi kukaza vizuri. Mtikisiko ulikuwa umekilegeza na kukirudisha ndani, na uso mzima wa baba ulikuwa humo, na ndevu zake zenye silikoni.

Baba alikuwa amejua. Nilijua amejua kwa sababu shingo yake ilikuwa imekakamaa kabisa. Angeweza kukisukuma kioo kwa kidole kimoja. Hakukigusa. Aliyaweka macho yake barabarani, hakuyainua hata mara moja, akaendesha polepole, akauacha uso wake palepale ili utazamwe.

Bibi alitazama muda mrefu. Mama aliona, akanishika mkono.

"Minza," Bibi akasema mwishowe, "mwambie baba yako amekonda. Na mvi zimeanza. Ale vizuri."

"Baba, Bibi anasema umekonda, na una mvi, ule vizuri."

Baba hakujibu. Tulipita mifugo, tukapita watu wanaotoka kanisani, tukapanda kilima kizima, na bado hakujibu, hadi nikafikiri labda safari hii kweli hajasikia. Alitoa leso mfukoni, akajifuta uso, akairudisha.

"Mwambie bibi yako," akasema, "jicho lake limepona."